Aliyegonga na aliyegongwa wote ni wa Mwanza, kwa nini tuambiwe twende Kenya?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji. Mimi ni mama wa miaka 58, nafanya biashara ya dagaa hapa Mwaloni Kirumba tangu mwaka 1993, na nina mitumbwi miwili ya kuvulia. Sijasomea sheria. Ninayoyaandika kuhusu ajali za mitumbwi mpakani nimeyajua kwa kuhangaika nayo, na ninaamini wapo wengi kando ya ziwa hili yaliyowakuta kama yangu wakanyamaza.

Miaka miwili na miezi saba iliyopita mtumbwi wangu mmoja ulikuwa kambini Sota, wilaya ya Rorya. Lilikuwa giza, na kwa wasiojua, sisi watu wa dagaa tunaita giza zile siku ambazo mwezi haupo, maana ndipo dagaa wanapozifuata taa. Ndani ya mtumbwi walikuwemo vijana wanne. Mmoja ni mtoto wa marehemu dada yangu, yaani mwanangu, wakati huo ana miaka 24. Yapata saa tisa usiku walikuwa wamezima mashine wanavuta wavu, taa zao za sola zinawaka juu ya maji. Ikaja boti yenye mashine ya farasi 40, imebeba magunia, haina taa hata moja, ikawapanda ubavuni. Mwanangu alitupwa majini na propela ikamkata mguu wa kulia chini ya goti.

Tajiri wa boti ile namfahamu. Kutoka kwangu kwenda kwake ni daladala moja. Tumekaa meza moja kwenye harusi, na watoto wetu wamesoma shule moja. Nahodha wake ni Mtanzania, wa kwangu ni Mtanzania, boti zote mbili zimesajiliwa huku. Kilichotuponza ni kitu kimoja: usiku ule upepo ulikuwa umewasukuma vijana wangu kaskazini, na simu ya nahodha wangu ilionyesha kuwa wamekwisha kuuvuka mstari wa mpaka kwa kilomita kama tatu. Ajali ilitokea kwenye maji ya Kenya, upande wa Muhuru.

Mstari huo hauna boya wala taa. Ni nyuzi 1 kusini ya Ikweta, waliyokubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, na hakuna hata mmoja wa wazee wetu aliyekuwepo mezani. Ziwa lina kilomita za mraba karibu 68,800; tunaambiwa asilimia 51 ni yetu, 43 ya Uganda na 6 ya Kenya. Dagaa hawajaambiwa.

Wavuvi wa Muhuru ndio waliomwokoa. Nawashukuru hadi leo. Walimfunga mguu kwa kanga, wakamfikisha nchi kavu, wakatafuta gari hadi hospitali moja ya Migori, na mafuta ya gari wakachangishana wao kwa wao. Mguu ulishasagika, ukakatwa. Niliposhuka mpakani Sirari siku ya pili nikiwa na fedha niliyokopa kwenye kikoba, deni la hospitali lilikuwa shilingi 84,000 za Kenya. Badilisha hapo uone. Kijana alinishika mkono akaniambia, "Mama mkubwa, wavu umepona?" Sikuweza kumjibu.

Tuliporudi nikaanza kuzunguka. Kwanza nilikwenda kwa tajiri mwenzangu, kistaarabu, na wazee wawili wa mwalo, yaani pale mitumbwi inapoegesha. Alinipa laki tatu akasema ni ya pole. Nilipomwambia kuwa kijana anahitaji mguu wa bandia, na kwamba hatavuta wavu tena maisha yake yote, akajibu, "Dada, ukitaka zaidi ya hapo nenda kashitaki Kenya, ndiko yalikotokea." Alijua anachosema. Alijua sina nauli ya kwenda na kurudi kila kesi inapoahirishwa.

Nikaenda kituo kimoja cha polisi upande wetu. Afande aliyenipokea hakuwa na jeuri, alinipa kiti, akasikiliza. Mwisho akasema, "Mama, tukio limetokea Kenya, sisi huko hatuna mamlaka. Kafungue jalada lilikotokea." Nikamwonyesha fomu aliyojaziwa kijana na daktari. Kule wanaiita P3, kwetu ni PF3. Imeandikwa jeraha lile lile, mguu ule ule. Akasema hii siyo yetu.

Nikavuka tena. Kituo cha upande wa pili nako niliheshimiwa, nikapewa na chai. Ofisa akasoma maelezo akaniuliza, "Mama, aliyegonga ni Mtanzania, aliyegongwa ni Mtanzania, na boti zote zimesharudi kwenu. Hapa nitamkamata nani?" Na kweli, hapo alipo angemkamata nani?

Ndugu Mhariri, hapo ndipo nilipokaa ukingoni Sirari nikasubiri gari la Tarime huku nikijiuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike. Mtu akiumizwa nje ya nchi yake, ni sheria ya nani inayomtazama? Ya pale alipoumia, au ya pale alipotoka? Kwa sababu nilivyoona mimi, kila mmoja alikuwa akinielekeza kwa sheria ya mwenzake, na katikati hapakuwa na sheria yoyote.

Jirani yangu ana binti anayesoma sheria pale chuo kikuu cha SAUT, Malimbe. Jioni akirudi hupita kwangu, nampa dagaa wa kukaanga, naye hunisomea. Ameniambia mambo ambayo natamani na maafande wangeyasikia. La kwanza, Kanuni yetu ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 6, inazipa mahakama za Tanzania mamlaka juu ya kosa lililotendwa na raia wa Tanzania mahali popote nje ya Tanzania. Nilimwomba arudie mara mbili. Popote nje ya Tanzania! Basi kama nahodha yule alikosa kwa kukimbiza boti usiku bila taa, uraia wake ulitosha kumleta mbele ya hakimu wetu. Niliambiwa hatuna mamlaka na mtu aliyekuwa ameshika kalamu ya kufungulia jalada.

Jinai ni jambo moja, fidia ni jingine, na kwa mwanangu fidia ndiyo kubwa. Mtu kukaa jela hakurudishi mguu wala hakununui wa bandia. Kuhusu fidia binti alinieleza kwamba sheria ya Kiingereza tuliyorithi Tanganyika ni ile iliyokuwepo tarehe 22 Julai 1920, na katika miaka ile mahakama za Uingereza zilifuata kanuni iliyotokana na kesi moja ya mwaka 1870. Kesi yenyewe nimeishika kwa sababu iliniuma. Gavana wa Jamaika, Eyre, alizima maasi ya mwaka 1865 kwa ukatili mkubwa, kisha ikapitishwa kule kule Jamaika sheria ya kumkinga yeye na wenzake. Mtu mmoja aliyeteswa akamshitaki Uingereza. Mahakama ikasema: kitendo cha ng'ambo kitadaiwa hapa tu kama kingekuwa kosa pia hapa, na kama huko kilikotendwa hakijahalalishwa. Kwa kuwa Jamaika kilishahalalishwa, dai likafa. Waingereza wenyewe, kwa sehemu kubwa, kanuni hiyo waliifuta kwa sheria ya mwaka 1995.

Mtu anaweza kusema, lakini mama, kugonga mtumbwi bila taa ni kosa Kenya na ni kosa Tanzania, basi shida iko wapi? Shida iko katika kuthibitisha. Mwanangu anatakiwa abebe sheria za nchi mbili mgongoni, alipe wakili wa huku na mtaalamu wa sheria ya kule, ili adai dhidi ya mtu anayekaa daladala moja kutoka kwetu. Nani katika wavuvi ataliweza hilo?

Mfano uliotufanana zaidi umetoka Marekani. Mwaka 1960 watu wa jimbo la New York walisafiri kwa gari kwenda matembezi Ontario, Kanada. Huko gari likagonga ukuta, abiria mwanamke akaumia vibaya. Sheria ya Ontario wakati ule ilimzuia abiria aliyepewa lifti kumdai dereva wake. Sheria ya New York haikumzuia. Dereva alikuwa wa New York, abiria wa New York, gari la New York, safari ilianzia New York na ilikuwa imalizikie New York. Mwaka 1963 mahakama ya juu ya jimbo hilo ikasema itatumika sheria ya New York, kwa sababu Ontario haina cha kupoteza wala kupata katika fidia ya watu wawili ambao si wake. Badilisha Ontario uweke Muhuru, badilisha New York uweke Mwanza. Hadithi ni yetu.

Na Ulaya, tangu Januari 2009, wana kanuni moja kwa nchi zao karibu zote: dai la madhara linafuata sheria ya nchi madhara yalipotokea, lakini mdai na mdaiwa wakiwa wote ni wakazi wa nchi moja, inafuata sheria ya nchi hiyo yao. Wameongeza na hili, ambalo nalipenda zaidi: katika kupima kama mtu alikosea, hakimu atazame pia taratibu za usalama za pale tukio lilipotokea.

Huo ndio msimamo wangu. Mwendo na taa na njia ya kupishana, fuata sheria ya maji uliyomo. Ukiwa maji ya Kenya nenda kama Kenya wanavyotaka. Ukiwa ya Uganda, vivyo hivyo. Haiwezekani mitumbwi kumi iliyo mahali pamoja iwe na taratibu tatu za taa, watu watakufa. Lakini ikija kwenye nani amlipe nani, na kiasi gani, na mlemavu atakula nini, basi ikiwa wote wawili nyumbani kwao ni pamoja, sheria iwe ya nyumbani kwao. Maana ulemavu haukubaki Muhuru. Ulirudi na kijana, uko hapa Kirumba, unapanda mlima wa mawe kila siku kwa magongo mawili.

Je, wakiwa si wa nchi moja? Hapo nakubali ni pagumu. Mtumbwi wa Mkenya ukigongwa na boti ya Mtanzania kwenye maji ya Kenya, mimi sioni kwa nini Mkenya yule aburutwe aje Mwanza kutafuta sheria yangu. Aliumia kwao. Sheria ya kwao imhukumu mtu wetu. Nasema hivyo nikijua kuwa siku moja nahodha wangu anaweza kuwa ndiye aliyegonga.

Ipo kesi nyingine ya zamani ambayo huwa naifikiria nikiwaangalia vijana wanavyoondoka jioni. Tarehe 2 Agosti 1926, usiku, meli ya Wafaransa iitwayo Lotus iligongana baharini na meli ya Waturuki iitwayo Boz-Kourt. Waturuki wanane walikufa. Lotus ilipofika Uturuki, ofisa Mfaransa aliyekuwa zamu akakamatwa na kushitakiwa. Ufaransa ikapinga: bahari ile siyo yenu, meli ni yetu, mtu ni wetu. Shauri likafika mahakama ya kimataifa kule The Hague. Majaji wakagawanyika sita kwa sita, kura ya rais wa mahakama ikaamua, Septemba 1927, kwamba Uturuki haikuvunja sheria. Baadaye mataifa yakageuza. Mkataba wa sheria za bahari wa mwaka 1982 unasema ajali ya kugongana kwenye bahari kuu, kwa upande wa jinai, ni ya nchi ya bendera ya meli au nchi ya uraia wa mshitakiwa. Lakini mkataba ule ni wa bahari. Sisi ni ziwa, tena ziwa lote limekwisha kugawanywa, halina hata tone lisilo na mwenyewe.

Ninachoona katika yote hayo ni kwamba watu walikaa wakakubaliana kabla ya ajali nyingine. Hata angani wamekubaliana. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania imo, unamruhusu abiria wa safari ya kimataifa aliyeumia kwenye ndege kudai, kwa masharti, katika nchi yake ya makazi hata kama ndege iliangukia kwingine. Na barabarani, malori yanayobeba dagaa wetu kutoka hapa Kirumba kwenda Kongo na Zambia yana Kadi ya Njano, yaani bima ya magari inayotambulika nchi nyingine, ya COMESA, lile soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika. Sisi tulitoka COMESA mwaka 2000, lakini kadi tumebaki nayo, na inafanya kazi. Lori la Mwanza likimgonga mtu Zambia, bima ya huku inamlipa yule wa kule kwa kiwango kinachotakiwa na sheria ya kule. Dereva hakimbii na majeruhi haombi. Dagaa walewale wakiwa ndani ya lori wana kinga, lakini wakiwa bado ndani ya boti, mtu aliyewavua hana.

Kwa nini pasiwe na kadi ya namna hiyo ya vyombo vya ziwani? Tunalipa leseni ya uvuvi, leseni ya chombo, ushuru wa mwalo. Kila mashine inayouzwa ina risiti. Ongeza bima ndogo humo humo, itambulike Musoma, Kisumu na Entebbe. Mimi nitakuwa wa kwanza kulipa, kwa mitumbwi yote miwili.

Sitaki kuficha upande wangu. Vijana wangu hawakuwa na kibali cha kuvua Kenya. Upepo uliwasukuma, ni kweli, lakini nahodha aliona kwenye simu kuwa amevuka na hakugeuza, kwa sababu dagaa walikuwa wamejaa chini ya taa. Doria ya Kenya ingewakamata ningelipa faini ya Kenya, na nisingelalamika. Tajiri mwenzangu hulitumia hilo kunifunga mdomo: "Mlikuwa huko kwa wizi." Namjibu hapa hapa gazetini. Kuvua bila kibali ni deni langu kwa serikali ya Kenya. Mguu wa mwanangu ni deni lako. Deni langu kwa wengine haliwezi kulipa la kwako. Na boti yako nayo ilikuwa ikitoka wapi saa tisa usiku, na magunia, bila taa?

Wazee waliofanya kazi melini zamani hunisimulia jinsi kabla ya mwaka 1977 meli za ziwa hili zote zilivyokuwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki, na rufaa zikienda mahakama moja ya rufaa ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika, kila mmoja akachukua meli zake na mahakama yake. Tumeirudisha Jumuiya, mkataba umesainiwa Novemba 1999 na mahakama iko Arusha. Binti wa jirani aliniambia mapema nisijipe matumaini, ile hutafsiri mkataba wa Jumuiya, siyo mahali pa kudai mguu. Lakini Bunge la Jumuiya lipo palepale Arusha. Lilikaa likatunga Sheria ya Usafiri wa Ziwa Victoria ya mwaka 2007. Nchi zetu tatu zilikaa mwaka 1994 zikaunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, makao yake Jinja, ili samaki wasiishe. Kumbe tukitaka tunakaa. Nawaomba wabunge wetu wa kule wakae tena, safari hii kwa ajili ya anayevua: waandike ajali ya mpakani inafuata sheria ipi, jalada lifunguliwe wapi, na fomu ya daktari ya Migori isomwe Tarime bila kuulizwa ni ya nani.

Wakati huo huo siku zinakwenda. Binti ameniambia kuwa dai la madhara kama haya kwa sheria yetu lina miaka 3 tangu kutokea. Imebaki miezi mitano. Faili ninalo nyumbani, ndani ya mfuko wa nailoni lisilowe: fomu ya P3, risiti za hospitali, picha ya ubavu wa mtumbwi uliopasuka, na picha ya ramani kutoka simu ya nahodha, inayoonyesha saa, tarehe na mahali mtumbwi ulipokuwa. Nimepanga wiki ijayo kulipeleka mahakamani hapa hapa Mwanza, na akitokea karani wa kuniambia niende Kenya, nitamwomba aniandikie maneno hayo kwenye karatasi na kuweka sahihi yake.

Wakili yeyote anayesoma barua hii na anayejua mambo ya mpakani, mhariri ana namba yangu. Nipo sokoni kila siku kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, upande wa dagaa.

Mama wa dagaa,
Mwaloni Kirumba, Mwanza.
(Jina na anwani mhariri anavyo.)